Kutuma Makala ya Hisabati kwa Jarida: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Hapa Mombasa

Majibu haya nimewaandikia wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa Mombasa na Kilifi, na walimu wa sekondari wanaofanya utafiti wao usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mengi nimeulizwa barazani. Mengine nimeulizwa kwa simu saa nne usiku, mtu keshafungua tovuti ya jarida na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma.

Nimetuma makala, nimekataliwa, nimekubaliwa. Lakini lililonifunza zaidi ni kuhakiki makala ya wengine, yaani kuyasoma na kuyapima kwa niaba ya jarida kabla hayajachapishwa. Mhakiki halipwi. Anasoma kazi yako baada ya vipindi vyake, pengine watoto wamelala, na hakujui. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na kumfikiria mtu huyo.

Nitajuaje kwamba nina kitu cha kuchapisha?

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilimpelekea mwalimu wangu kurasa saba. Mfuatano wa Fibonacci unaujua: 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8, kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ukizigawanya namba hizo kwa namba tasa p na kuandika baki peke yake, baki zitaanza kujirudia. Kwa 3 duru, yaani mzunguko mzima kabla ya baki kujirudia, ina hatua 8, kwa 7 hatua 16, kwa 11 hatua 10. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kwa kila namba tasa p, urefu wa duru ni kigawo cha p − 1 au cha 2(p + 1), na uthibitisho nikauleta.

Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza, akajimiminia kahawa, akaniambia, "Mwanangu, jaribu 5."

Nikajaribu palepale, nyuma ya bahasha. Duru ya 5 ni hatua 20, na 20 si kigawo cha 4 wala cha 12. Uthibitisho wangu ulikuwa unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 5, na katika hesabu ya baki za 5 hicho ni sifuri. Nilikuwa nimegawanya kwa sifuri ukurasa wa nne na nikaupita mstari huo miezi miwili bila kuuona.

Nikasahihisha: kila namba tasa isipokuwa 5. Ndipo akaniambia la pili. "Sasa ni kweli. D. D. Wall alilichapisha mwaka 1960 katika American Mathematical Monthly."

Kwa hivyo jiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu. Je, ni kweli? Jaribu namba ndogo, jaribu sifuri, jaribu hali ambayo uthibitisho wako unaionea haya. Je, ni jipya? Je, kuna mtu mwingine anayefanya kazi katika eneo hili atakayetaka kulijua? La tatu ndilo gumu, maana jambo laweza kuwa kweli na jipya na bado likawa zoezi tu la darasani. Likikutatiza, muulize mtu wa eneo hilo kabla ya kuuliza jarida.

Nitafutie wapi kama jambo langu limeshafanywa?

Anza na zbMATH Open, orodha ya mtandaoni ya makala ya hisabati, ambayo tangu 2021 ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. MathSciNet ya Chama cha Hisabati cha Marekani (AMS) ni nzuri mno lakini hulipiwa. Uliza maktaba ya chuo kama wanayo. Halafu arXiv (hazina ya mtandaoni ambako watafiti huweka makala yao hata kabla ya jarida kuyachapisha) na Google Scholar.

Usitafute kwa maneno peke yake. Jifunze namba za uainishaji wa hisabati, toleo la 2020, ambazo majarida mengi yatakudai pia wakati wa kutuma. Nadharia ya namba ni 11, kombinatoriki (hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu) ni 05, na ndani yake kuna vijisehemu: namba za Fibonacci ni 11B39. Kama ningeifungua 11B39 kabla ya kuandika zile kurasa saba, Wall ningemkuta mchana mmoja.

Nichague jarida gani?

Tazama marejeleo yako mwenyewe. Majarida yanayojitokeza mara tatu au nne katika orodha hiyo ndiyo yanayosomwa na watu unaozungumza nao. Kisha fungua ukurasa wa bodi ya wahariri ya kila moja, tafuta mhariri ambaye kazi yake iko karibu na yako. Kama hayupo hata mmoja, endelea mbele, kwa sababu hatakuwepo wa kujua ampe nani makala yako ayahakiki.

Soma makala mawili matatu ya karibuni katika jarida hilo na ulinganishe kwa uaminifu. Annals of Mathematics, lililoanza 1884, si mahali pa kwanza pa makala ya kwanza ya watu wengi. Proceedings ya AMS hupokea makala mafupi, yasiyozidi kurasa 15. Afrika Matematika ni jarida la Umoja wa Wanahisabati wa Afrika na huchapishwa na Springer. Afrika Kusini wana Quaestiones Mathematicae. Kwa kombinatoriki, Electronic Journal of Combinatorics liko tangu 1994, halimtozi mwandishi wala msomaji.

Nimepata barua pepe ya jarida linalonisifu na kuniahidi kunichapisha kwa siku tano. Nilipe?

Usilipe. Hili linaniuma, kwa sababu nimewaona vijana wakichangiwa na jamaa zao dola mia mbili kuchapishwa mahali ambapo hakuna mhakiki aliyesoma hata mstari mmoja, na kamati ya chuo ikaja kuyakataa makala yenyewe. Pesa zimekwenda, na matokeo pia yamekwenda, kwani jambo lililokwisha kuchapishwa huwezi kulipeleka jarida la kweli kama jipya.

Katika hisabati, kutuma makala kwa kawaida hakulipiwi, na majarida mengi ya zamani hayatozi chochote hata yakikukubali. Ada hujitokeza pale jarida linapotaka makala yasomwe na kila mtu bure huku gharama ikibebwa na mwandishi. Majarida ya namna hiyo yapo ya kweli, na mengi hutoa msamaha au punguzo kwa nchi kama Kenya, ila uliza kwa maandishi kabla ya kutuma, si baada ya kukubaliwa.

Dalili za matapeli: ahadi ya kukubaliwa kwa siku chache, jarida moja linalochukua hisabati, kilimo, uuguzi na sheria pamoja, wahariri ambao ukiwatafuta kwenye vyuo vyao hawajui kama majina yao yametumika. Angalia kama jarida limo katika zbMATH au MathSciNet. Kama halimo, uwe na sababu nzito ya kuendelea.

Lazima nitumie LaTeX? Mimi nimezoea Word.

Jifunze LaTeX, mfumo wa kuandika na kupanga chapa hisabati kwa kompyuta. Donald Knuth alianza kuitengeneza TeX miaka ya 1970 kwa sababu alichukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa chapa, na Leslie Lamport akaijengea LaTeX juu yake. Leo karibu wanahisabati wote huandika humo. Makala ya hisabati yaliyoandikwa kwa Word humtia mhakiki shaka kabla hajasoma. Huenda ni dhuluma, lakini ndivyo ilivyo.

Anza na aina ya waraka iitwayo amsart, usihangaike na mitindo ya jarida kabla ya kukubaliwa. Kila nadharia, lema (nadharia ndogo ya kusaidia ile kubwa) na mlinganyo uupe lebo, na urejelee kwa lebo, usiandike "Lema 3" kwa mkono. Ukiongeza lema moja mwanzoni, namba zote za mkono zinaharibika. Ukitumia Overleaf, tovuti ya kuandikia LaTeX, hapa kwetu, pakua nakala kwenye kompyuta kila jioni, maana stima ikipotea Tudor na bando nalo likiisha, kazi yako inabaki kwenye seva usiyoweza kuifikia.

Ikisiri na utangulizi niandike vipi?

Hapa ndipo makala mengi ya wanafunzi wetu hufa, hata yenye hisabati nzuri. Ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mwanzoni, ninayoiona mara nyingi ni ya namna hii:

"Katika makala haya tunachunguza sifa mbalimbali za mfuatano wa Fibonacci na kupata matokeo kadhaa ya kuvutia."

Mhariri akishamaliza kusoma sentensi hiyo bado hajui umefanya nini. Linganisha na hii:

"Tunathibitisha kwamba kwa kila namba tasa p isiyokuwa 5, urefu wa duru ya mfuatano wa Fibonacci katika baki za p ni kigawo cha p − 1 au cha 2(p + 1)."

Ya pili inasema jambo, na inamruhusu mhariri kujua mara moja ampelekee nani. Usiweke namba za marejeleo ndani ya ikisiri, wala alama ulizozitunga mwenyewe, kwa sababu ikisiri husomwa mahali pengine ikiwa peke yake, makala hayapo.

Katika utangulizi, nadharia yako kuu iwe imeandikwa kamili kabla ya mwisho wa ukurasa wa pili. Baada yake eleza nani alifanya nini kabla yako, wewe umeongeza nini, na wazo la uthibitisho liko wapi. Wazo, si hatua zote. Kama kuna sehemu moja ngumu, iseme wazi kwamba ndiyo ngumu. Mhakiki ataitafuta hata hivyo, na akiikuta umeificha katikati ya maneno "ni dhahiri kwamba", atasoma kila kilichobaki kwa mashaka. Mimi nikikutana na "ni dhahiri" husimama na kuthibitisha mwenyewe. Mara nyingi kosa liko hapo.

Usiandike historia ya hisabati tangu Wagiriki.

Jarida linadai jina la ukoo. Mimi nina jina langu, la baba na la babu.

Swali hili wa Pwani tunalijua. Fomu za majarida hudhani kila mtu ana jina la ukoo, na sisi wengi hatuna. Usipolitatua mapema, makala yako ya kwanza yataorodheshwa chini ya jina la babu, ya pili chini ya la baba, na kumbukumbu za kimataifa zitakufanya watu wawili. Chagua umbo moja leo: aghalabu jina lako na la babu, au jina lako na la baba. Liandike vilevile kila mahali, pamoja na "bin" au "binti" kama unaitumia. Halafu jisajili ORCID, daftari la kimataifa la watafiti, ni bure, utapata namba ya tarakimu 16 itakayokufuata hata ukibadilisha chuo au ukiolewa na kubadilisha jina.

Nani awe mwandishi, na jina la nani litangulie?

Katika hisabati majina hupangwa kialfabeti na waandishi wote huhesabika sawa. AMS ililieleza hili katika tamko la mwaka 2004 kuhusu utafiti wa pamoja. Tatizo ni kwamba kamati za kupandisha vyeo katika vyuo vyetu mara nyingi zina watu wa sayansi nyingine, ambako wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa. Ambatisha tamko hilo kwenye maombi yako, limewasaidia wenzangu.

Kuhusu msimamizi: aliyechangia wazo au hatua ya uthibitisho ni mwandishi. Aliyesoma, akasahihisha Kiingereza na kukutia moyo anastahili shukrani nzuri mwishoni. Najua kwamba hapa kwetu ni vigumu kumwambia mwalimu wako jambo hili, na sikushauri umvunjie heshima. Lizungumzeni mwanzoni, kabla matokeo hayajapatikana, ndipo huwa jepesi.

Niweke arXiv kwanza?

Ningekushauri ndiyo. arXiv ilianzishwa 1991 na Paul Ginsparg, ni bure kutuma na bure kusoma, na majarida mengi ya hisabati hayana neno nayo. Thibitisha tu katika masharti ya jarida lako. Inakupa tarehe ya umma ya kazi yako, na mtu aliyeko mbali anaweza kukuandikia kwamba lema fulani ina kasoro kabla mhakiki hajaiona.

Mwandishi mpya huhitaji kuidhinishwa na mtu aliyekwisha kuchapisha humo katika eneo lilelile. Mwandikie mtu ambaye kazi yake umeirejelea kweli, kwa aya mbili, ukiambatisha makala. Na kumbuka kwamba ulichoweka hakifutiki: ukisahihisha linaingia toleo la pili, la kwanza linabaki likionekana.

Naweza kutuma kwa majarida mawili kwa pamoja ili niokoe muda?

Hapana. Jarida moja kwa wakati mmoja. Mabingwa wa eneo dogo ni wachache, na makala yaleyale yanaweza kumfikia mhakiki mmoja kutoka kwa wahariri wawili.

Barua ya kuambatisha iwe na nini?

Mistari mitano: jina la makala, jambo kuu kwa sentensi moja, kwa nini jarida hili, mhariri unayedhani anafaa, na tamko kwamba makala hayako kwingine. Usijisifu.

Miezi minne imepita, kimya. Niulize?

Bado. Miezi sita hadi mwaka ni kawaida katika hisabati, kwa sababu mhakiki anatakiwa kufuata kila hatua. Makala ya Thomas Hales kuhusu dhana ya Kepler (juu ya namna ya kupanga mipira ibanane zaidi) yalitumwa 1998 na Annals wakayachapisha 2005. Kwa upande mwingine, makala ya Yitang Zhang kuhusu nafasi kati ya namba tasa yalifika Annals mwezi wa Aprili 2013 na yakakubaliwa Mei hiyohiyo, lakini usijipimie kwa hilo.

Baada ya miezi sita andika sentensi mbili za adabu ukitaja namba ya makala yako na kuuliza hali yake. Kama una tarehe ya kutetea tasnifu, itaje. Zaidi ya yote panga mapema: vyuo vingi nchini vinadai makala yaliyochapishwa au kukubaliwa kabla ya uzamivu, na nimeona mtu akichelewa kuhitimu mwaka mzima kwa kutuma makala yake ya kwanza katika mwaka wa mwisho.

Wahakiki wameniandikia kurasa tatu za kasoro. Nimeshindwa?

Hujashindwa. Mtu aliyeandika kurasa tatu amekusoma. Iweke ripoti kando siku mbili, kisha ijibu hoja kwa hoja, ukinakili maneno yake na kuweka jibu lako chini:

"Mhakiki: Ukurasa wa 6, mstari wa 4, kwa nini k si sifuri?
Jibu: Asante. Tumeongeza Lema 3.2 inayothibitisha kwamba k si sifuri kwa kila p isiyokuwa 5; hali ya p = 5 sasa inashughulikiwa peke yake katika Tanbihi 3.3."

Usimjibu "mhakiki hakuelewa". Kama hakuelewa, mwingine pia hataelewa, basi andika upya. Ila akikosea kweli katika hisabati, mwonyeshe kwa mfano mmoja wa namba, kwa utulivu.

Na kama wamekuta kosa kubwa? Andrew Wiles alitangaza uthibitisho wa Nadharia ya Mwisho ya Fermat mwaka 1993, na wakati wa kuhakiki pakaonekana pengo. Alihangaika nalo zaidi ya mwaka, akalizibia pamoja na Richard Taylor, na makala yakatoka 1995. Pengo likikataa kuzibika, punguza dai. Nadharia ndogo iliyo kweli inachapishika.

Ukikataliwa moja kwa moja, tumia maoni uliyopewa, sahihisha, tuma kwingine ndani ya mwezi. Usitume vilevile ilivyo: mhakiki yuleyule anaweza kuipokea tena, na mimi imenitokea mara mbili kuona makosa niliyoyataja yamekaa palepale.

Naweza kutumia akili unde kuniandikia?

Kunyoosha Kiingereza, majarida mengi yanaruhusu ukieleza umeitumia vipi. Soma masharti yao. Kuiweka kama mwandishi hairuhusiwi. Hatari zake mbili ninazoziona mara kwa mara: hutunga marejeleo yasiyokuwepo, na huandika uthibitisho wenye sura nzuri na hatua moja ya uongo. Kila rejeo lifungue mwenyewe. Kila mstari wa uthibitisho uweze kuutetea ubaoni bila karatasi.

Mimi niko Mombasa, sina jina. Watanisoma kweli?

Ramanujan, yule mwanahisabati mashuhuri wa India, alikuwa karani wa ofisi ya bandari ya Madras alipomwandikia mwanahisabati Hardy wa Cambridge mwezi wa Januari 1913, na sisi wa Kilindini tunajua karani wa bandari ni mtu wa namna gani. Zhang niliyemtaja hapo juu alikuwa mhadhiri asiyejulikana, mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini. Sisemi kwamba jina la chuo halina uzito wowote. Nimekaa huku muda wa kutosha kujua lina uzito. Lakini nimehakiki makala kutoka miji nisiyowahi kuisikia, na kilichonifanya niyapendekeze kilikuwa ukurasa wa kwanza ulio wazi na lema zinazoshikana. Hilo liko mikononi mwako.

Nimethibitisha dhana ya Goldbach kwa kurasa nne. Nitume wapi?

Kwanza usitume. Dhana hiyo husema kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, na hadi leo haijathibitishwa. Tafuta mahali ambapo uthibitisho wako unatumia ukweli kwamba namba tasa ni tasa. Je, hoja hiyohiyo ingefanya kazi kwa seti nyingine yoyote ya namba yenye wingi kama huo? Ikiwa ndiyo, basi kuna kosa, na utafiti wako sasa ni kulitafuta. Njoo nalo, tukae nalo ubaoni. Nimewahi kuona lema ndogo, ya kweli na mpya, ikitoka ndani ya jaribio la namna hiyo.

Nimekubaliwa! Kuna kingine?

Hongera. Utaletewa prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa chapa ili uzikague, mara nyingi ukipewa saa 48. Usizisome kwa simu ndani ya matatu. Zichapishe karatasini na uzilinganishe na faili yako mlinganyo kwa mlinganyo, maana mpanga chapa anaweza kushusha kipeo kikawa namba ya kawaida bila yeyote kujua. Soma fomu ya hakimiliki kabla ya kutia sahihi, uone kama unaruhusiwa kuacha toleo lako arXiv. Mwisho angalia jina lako, liko katika lile umbo ulilolichagua?